Asubuhi Thelathini za Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi ya ishirini na moja. Magoti yanalia, lakini nimefika uwanjani kabla ya wote! Sheria ya kocha ni ile ile: asubuhi thelathini mfululizo, ndipo unapewa fulana yenye neno MWANARIADHA mgongoni. Ukikosa moja, unaanza upya. Na fulana zenyewe nazishona mimi, mwaka wa sita huu. Nimewavalisha wote wale—mimi bado.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu kanicheka leo mpaka kakaa chini. Eti mwanariadha gani ana miaka hamsini na mbili, na kitambi juu? Mwanariadha ana medali, mama! Nikajifanya natunga uzi. Iliniuma, nisijidanganye.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji, mwalimu mstaafu, kaja kupunguziwa suruali. Nikamuuliza, hivi neno mwanariadha limetoka wapi? Makosa! Huyu ukimuuliza saa ngapi anakueleza saa inavyotengenezwa. Ila leo kanifaa. Riadha, kasema, tumeipata kwa Waarabu. Kwao ni mazoezi, na mzizi wake ni kumfundisha farasi mpaka azoee. Mwana hapo ni mtu wa shughuli hiyo, kama mwanamuziki. Na medali je? Akavua miwani: medali haimo kabisa humo, shemeji.

Kumbe mimi farasi! Nimecheka peke yangu mpaka nikajichoma sindano.

Jumanne, 11 Machi

Ya ishirini na tisa! Uvumilivu umenishinda—nimeshona fulana yangu kabisa, nikaificha chini ya vitambaa. Tena nimekata kwa vipimo vyangu vya zamani. Inanipwaya! Fundi mzima! Binti kaikuta. Nikasubiri kicheko. Kaikunja tu, akairudisha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kufa mtu. Ujumbe wa kocha alfajiri: uwanja umejaa maji, hakuna mazoezi, leo haihesabiwi, ya thelathini itakuwa kesho. Lala tu, mama, kaandika.

Haya. Nikarudi kitandani. Nikageuka huku, nikageuka kule. Miguu haitaki!

Sasa nimekaa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, naandika juu ya goti. Binti kaamka, kausoma ujumbe kwenye simu yangu. Kauliza naenda wapi, na kocha kasema leo haihesabiwi. Nikamwambia najua. Kanitazama weee. Hajacheka. Kainama chini ya cherehani, ananitafutia kiatu cha pili—