Mzigo umekabidhiwa kwa mpokeaji, na mpokeaji ni mimi

Alhamisi, mwisho wa Juni. Asubuhi nilipofungua mlango hapa Lyamkena, Makambako, majani yalikuwa meupe kwa sakitu, na ukungu haukuniacha njiani mpaka saa nne. Sasa ni saa moja jioni, nina chai pembeni, na hasira niliyobaki nayo ni nusu ya ile niliyoondoka nayo asubuhi. Nusu nyingine sijui imekwenda wapi. Ndiyo maana naandika.

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu niagize sindano thelathini kwa mtandao.

Kwa mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza: nafuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Mashine yangu ina nafasi za sindano mia mbili, na niliinunua ikiwa imeshachoka. Sindano ikivunjika ulimi inaangusha uzi, na sweta inatoka na tundu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikihamisha sindano nzima za pembeni na kuzileta katikati. Inafanya kazi, ila kila ukihamisha, kitambaa unachoweza kufuma kinapungua upana. Mwezi wa tano nilihesabu: sindano nzima zimebaki mia moja thelathini na moja. Sweta ya msichana wa kidato cha kwanza inataka mia moja ishirini na nne. Ya kidato cha nne inataka mia moja hamsini na sita.

Na mimi nilikuwa nimeshakubali kufuma sweta mia moja arobaini za sekondari ya wasichana ya masista, kubwa kwa ndogo.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya kwanza kupewa tangu nifungue chumba changu mwenyewe. Sista anayeshughulikia manunuzi aliniambia bila kupandisha sauti: Jumanne saa sita mchana, wasichana wakiripoti, sweta ziwe mezani. Zikikosekana, mwakani ataagiza Dar. Zile za Dar nimezishika, mwanga unapita. Lakini zinafika kwa wakati.

Ndogo themanini na mbili nilizimaliza zamani. Kubwa hamsini na nane zilikuwa zinasubiri sindano. Niliwaza kuunga vipande viwili vyembamba, lakini mshono ungeonekana mgongoni na Sista angezirudisha zote.

Sasa tuje kwenye mzigo. Mnajua sisi wa Makambako vitu vyetu vinakuja kwa basi. Mimi nilichagua posta kwa makusudi, kwa sababu mwaka juzi kilo sita za uzi ziliteremshwa kwenye basi, nani alizichukua sijui mpaka leo. Posta wanakupa namba ya kufuatilia, herufi na tarakimu kumi na tatu. Mimi nikipewa namba natulia.

Nilikuwa naiangalia kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Dar, imetoka. Kisha njiani. Kisha Njombe, imepokelewa. Hapo nilishangaa, maana barabara ya Njombe inaanzia hapa kwetu. Kifurushi changu kilipita njia panda, mita kama mia nne kutoka mlangoni kwangu, kikaendelea na safari. Nikasema labda ndivyo wanavyofanya, kinapelekwa mkoani halafu kinarudi.

Siku mbili baadaye simu ikaandika: kimekabidhiwa kwa mpokeaji.

Nikampigia muuzaji.

"Dada, kwenye mfumo mzigo wako umeshapokelewa."

"Umepokelewa na nani?"

"Mpokeaji ni wewe."

"Mimi si huyu naongea na wewe, mikono mitupu?"

"Basi labda umuulize vizuri, dada."

"Nimuulize nani?"

"Mpokeaji."

Nilimwandikia ujumbe mrefu. Nilimwita mwizi, na maneno mengine ambayo nisingeyatamka mbele ya Sista. Nikamwita mwizi mara ya pili siku ya tatu, na mara ya tatu siku ya sita. Hapa kwenye blogu sikuandika kitu, maana nilikuwa bado natafuta jina lake kamili nilitangaze.

Naona ni vizuri sikulipata.

Jumatatu nilikwenda posta ya hapa mjini. Hakijafika kwao, hakimo kwenye daftari lao. Jumanne na Jumatano nilikaa nikinuna. Siku mbili nzima, dakika mia saba themanini za kufuma kila siku, nazitumia kununa. Leo nikapanda gari la saa kumi na mbili na nusu kwenda Njombe.

Karani wa pale ni baba wa makamo, amevaa koti juu ya koti na skafu imezungushwa mara mbili. Nilimwekea namba mezani, nikamwambia nimeibiwa. Hakubisha. Akaomba kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma, kisha akavuta daftari kubwa.

"Mama, mtandao unajua mzigo umefika wapi," akasema. "Amechukua nani, linajua daftari hili."

Kauli hiyo niliipenda. Nilisogea kuangalia. Kila mstari una namba, tarehe, jina la mwenye sanduku, sahihi. Alishuka na kidole taratibu, nami nikishuka naye kwa macho, nimesahau kabisa kwamba nimekuja kugombana. Mstari wa kumi na tisa, namba yangu. Sahihi ndefu yenye mkia.

"Huyu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Kifanya," akasema. "Kifurushi kilikuja kwa sanduku la shule."

"Shule inahusikaje na sindano zangu?"

Akanigeuzia nakala ya karatasi ya anwani iliyochapwa huko Dar, kama muuzaji alivyoipata kutoka kwangu. Jina langu, Skola na ubini. Chini yake jina la shule. Chini yake S.L.P., na chini kabisa, Njombe.

"Anwani hii aliandika nani, mama?"

Niliandika mimi.

Waliosoma shule za kwetu wataelewa. Darasa la tatu, uandishi wa barua: anwani juu kulia, jina la shule, sanduku la posta, mji, tarehe. Tuliandika mara mia. Ukikosea, rula kwenye vifundo vya vidole, na kwetu Kifanya, kwa baridi ya Julai, rula inauma mara mbili. Kijiji kizima kilitumia sanduku lile lile, barua zikija zinagawiwa mstarini asubuhi, watoto wanazipeleka majumbani. Nina miaka kumi na sita Makambako, nina chumba cha kazi, nina namba ya mlipa kodi. Sanduku langu la posta sijawahi kukodi. Simu iliponiuliza anwani ya posta, vidole vikajaza vyenyewe, na mimi nikabonyeza mbele nikifikiria upana wa sweta.

"Usijali," karani akasema. "Wewe wa tatu mwezi huu. Mmoja anaishi Tunduma, mizigo yake yote inakwenda seminari alikosoma. Na upadre aliuacha."

Kwa hiyo nyie mtakaopotelewa na mzigo, msikilizeni mtu aliyepoteza siku zake. Kabla ya kumpigia kelele muuzaji, mwombe akutumie picha ya anwani aliyoibandika. Isome kama unasoma ya mtu mwingine. Mtandao ukisema umekabidhiwa, usibishane nao, nenda mahali ulipokabidhiwa na uombe kuoneshwa sahihi. Na nenda siku ile ile.

Nje ya posta nikampigia mwalimu mkuu kwa namba aliyonipa karani. Shule zimefungwa, yuko kwao Matamba, na upepo wa huko ulikuwa unaongea kwenye simu kuliko yeye.

"Nilikipeleka kwenu," akasema.

"Kwetu wapi, mwalimu?"

"Kwenu, Skola. Kwa mama yako."

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Aliyemaanisha ni mama mdogo, mke aliyeolewa na baba baadaye. Na mama mdogo sijaongea naye tangu tumalize matanga ya baba mwaka jana. Alikata miti ya baba ya mbao, ekari moja na nusu, bila kuniambia neno. Nilikwenda shambani peke yangu nikahesabu visiki. Mia sita arobaini. Nilirudi mjini bila kuaga, na kwenye simu namba yake nikaibadilisha jina. Imeandikwa "Kifanya Usipokee".

Pale pale nje ya posta niliifungua simu nikaangalia. Kifanya Usipokee alinipigia mara saba. Ya kwanza ni jioni ile ile kifurushi kiliposainiwa. Nakumbuka nilikuwa nimeishika simu mkononi, namwandikia muuzaji kwamba ni mwizi.

Nilitaka kugeuza. Nasema ukweli, niliwaza sindano thelathini nyingine zingechukua siku ngapi kwa basi. Hakukuwa na hesabu inayokubali.

Nikapanda gari la Kifanya.

Nilimkuta mlangoni anamenya viazi, blanketi mabegani. Hakusimama wala hakushtuka.

"Kamwene, Skola."

"Kamwene, mama."

"Umefika na miguu yako. Simu yako mgonjwa?"

Aliingia ndani akatoka na kifurushi, kimefungwa kwenye kitenge, na kitenge kimefungwa fundo. Hakikufunguliwa. Gundi ilikuwa nzima pembe zote nne. Niliangalia, samahani, ndivyo nilivyo.

"Nilitaka kukileta," akasema. "Kwako sikujui."

Hiyo ilinikaa mahali pabaya. Kwangu hakujui kwa sababu sijawahi kumwelekeza.

Alinipa viazi na chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya miti. Majibu yangu yote yalikuwa tayari, na idadi ya visiki ndani yake. Hakuitaja. Alikuwa anaangalia mkono wa sweta niliyovaa, moja ya zile za mfano nilizompelekea Sista. Akaushika, akaugeuza ndani nje.

"Huu umeuunga kwa haraka."

"Nafuma na kuunga peke yangu, mama."

"Inaonekana. Zimebaki ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Kwa lini?"

"Jumanne saa sita."

Akachukua kiazi kingine akakimenya. Yeye ndiye anayeshona vitambaa vya altare pale kigangoni, na mshono wake huuoni hata ukiusogeza puani. Hilo nalikubali hata nikiwa nimenuna.

"Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza. Nilikuwa sijapiga hesabu.

Nimeipiga kwenye gari la kurudi. Kufuma vipande vya sweta moja kubwa, dakika hamsini. Kuunga mikono na mabega na kuweka shingo, dakika thelathini na tano. Jumla themanini na tano. Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, na Jumapili nusu baada ya misa, ongeza saa nne za Jumanne asubuhi. Dakika elfu mbili mia tisa na sabini. Nikifanya peke yangu, sweta thelathini na nne. Pungufu ishirini na nne.

Nikifuma tu, mtu mwingine akaunga, hamsini na tisa.

Nilirudia mara tatu, nyuma ya tiketi, halafu kichwani, halafu kwa simu. Hamsini na tisa. Inatosha, na sweta moja ya ziada. Mafundi ninaowajua hapa mjini wote wana kazi za shule zao wiki hii. Niliwapigia wanne nikiwa bado njiani, wanne wakacheka. Nilimwandikia pia muuzaji nikamwomba radhi. Akajibu: "Haina shida dada. Mpokeaji amepatikana?"

Gari lilipofika njia panda nilikaa kwenye benchi la wakala wa mabasi nikaifungua simu. Kifanya Usipokee. Nilibonyeza. Iliita mara mbili tu.

Sikuomba vizuri. Nilisema, "Mama, hesabu imekataa." Akauliza imekataa kwa ngapi, nikamwambia. Akasema atapanda gari la kwanza, atakuja na miwani yake na sindano zake za mkono, maana za kwangu hazijui. Kisha akasema, "Ya miti tutaongea sweta zikiisha. Nina la kukueleza, na wewe una la kuniuliza." Nikasema sawa.

Nimeshaweka sindano zote thelathini. Nimepitisha kitoroli cha mashine mara kumi na mbili kwa upana wa mia moja hamsini na sita. Hakuna tundu hata moja.

Alikata miti kwa nini? Mwaka mzima nimejua idadi ya visiki, na swali hilo sijamuuliza hata mara moja.

Gari la kwanza kesho linafika saa nne kasoro robo. Nimemwelekeza: ateremke njia panda, asitoke kituoni, nitamfuata mwenyewe.