Miguu ya Baba

Ihanda, Karagwe
14 Juni 2024

Mpendwa Kaka Egbert,

Shikamoo. Habari za Mtwara, wifi Placidia na watoto? Kikohozi cha Atwine kimekwisha? Huku tunakula, tunalala, kahawa zimeanza kuiva. Niseme basi hatujambo, ingawa nadanganya. Nimeshindwa kupiga simu, maana nikisikia sauti yako nitalia tu na hutaambulia neno.

Kaka, Baba amekatwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Leo ni siku ya kumi na moja.

Ilianzia kwenye harusi ya mdogo wetu Immaculata, mwezi wa nne. Baba aliingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, akakanyaga ndizi za rubisi, pombe ya harusi, tangu asubuhi. Nyasi zile za kukamulia unazijua zinavyochoma, sisi wengine huwa tunarukaruka. Yeye katulia kabisa. Nikamtania kwamba ana kwato za ng'ombe, akacheka, akasema miaka arobaini ya kukamua si mchezo. Sote tukamsifu.

Kumbe alikuwa hasikii kitu. Ana kisukari, hakuna aliyejua, na kilikuwa kimeshaitia miguu ganzi. Nyasi zilimchana juu ya mguu, pale mikanda ya ndala inapopita. Mimi ndiye niliyemnawisha alipotoka. Niliiona michubuko, Kaka. Nikaipaka mafuta, nikakimbilia ngomani.

Tulipomfikisha hospitali kidonda kilikuwa cheusi hadi kwenye kifundo. Daktari alinionyesha mshipa wa damu unaoshuka mbele ya mguu, kando ya mfupa wa muundi, ukatokeza juu ya wayo, karibu na kidole gumba. Akaviweka vidole vyangu kwenye mguu wa kushoto. Unadunda, taratibu. Akavihamishia wa kulia. Kimya. Nikabonyeza, nikahamisha, nikabonyeza tena, mpaka akaniambia, "Basi, mama, inatosha."

Mguu uliokatwa tuliuomba. Baba mdogo Cleophace aliuzika kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya babu. Baba aliagiza wauweke pembeni, wamwachie nafasi yake. Aliyasema hayo kama mtu anayepanga migomba, na mimi nikatoka nje.

Sasa kila asubuhi ananyoosha mguu uliobaki, anasema, "Adventina, angalia kama bado upo." Naweka vidole. Leo nimechelewa kuupata mdundo, akawa ananitazama usoni. Nikajifanya nimeupata kabla sijaupata. Baadaye ukaja kweli, mdogo tu. Njoo, Kaka. Usingoje Krismasi.

Mama mkubwa Xaveria anakusalimu, Cleophace pia, na Immaculata, ambaye analia kwamba harusi yake ndiyo iliyomponza Baba. Nimwambie nini? Baba hakutumii salamu, hajui kama nakuandikia. Alinikataza.

Ila jana aliniagiza niuoshe mtumbwi wa kukamulia niufunike vizuri, usipasuke kwa jua. Nikamuuliza ni nani atakayekanyaga humo. Akasema, "Egbert. Ana miguu kama yangu."

Kapime sukari, Kaka. Kapime kabla hujapanda basi, na Mungu akulinde njiani hadi mlangoni kwetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Adventina