Kapla Niliyoichagua Mwenyewe

Uko wapi? Pokea simu basi! Nimekwisha.

Ile kapla, kile kifaa cha kuunganisha ripita zetu mbili, mitambo ya kupokea na kurusha upya sauti za redio, kwenye antena moja. Ile uliyoniambia haitenganishi bendi za masafa vizuri, nikakujibu acha uoga. Leo tumeizindua.

Mwenyekiti wa klabu yetu ya redio kashika maiki kwenye bendi ya kwanza, ananimwagia sifa. Eti nina jicho la kuchagua vifaa! Wanachama wakapokezana maiki, sifa juu ya sifa, na mimi nimevimba kichwa.

Kumbe tukirusha bendi ya kwanza, ya pili inakuwa kiziwi. Kiziwi kabisa!

Na mjomba wangu alikuwa kwenye hiyo ya pili. Alipanda mlimani kutujaribia mawasiliano, akateleza, mguu ukavunjika. Anaita. Anaita, na wenzangu wananisifu.

Tulipoachia maiki tunywe soda ndiyo sauti yake ikaingia: "Jamani, hakuna mtu?"

Hakuna mtu! Na sisi tumejaa chumbani mpaka mlangoni!

Wameshamshusha, yuko wodini, anaongea. Mimi niko hapa nje kwenye benchi. Kaniuliza swali moja tu: "Muda wote ule mlikuwa mnaongea nini, mwanangu?"

Nimjibu nini? Niambie. Nimjibu nini?