Kamyo ya Rangi ya Milango ya Kanisa

Kamina, Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Wafwako, mama. Unaendeleaje huko Malemba? Mgongo umepoa, au bado unakuamsha kabla ya jogoo? Mihogo imepona kwa mvua hii? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa tangu vita treni haiji na chumvi tunaitazama tu kwa macho. Barua hii inakuja na ndege ya misheni, na najua atakusomea mwalimu wa shule ya Jumapili. Mwalimu, tafadhali usiruke mstari hata ukiona haya.

Najua fonia, ile redio ya misheni, imekwisha kukuletea habari kwamba mwanao Banza alikamatwa na askari. Ni kweli. Walimshika siku tatu na walikuwa tayari kumpiga risasi. Walimwachia, hana hata mchubuko. Ila usianze kuwalaani askari kabla hujanisikiliza, maana aliyemkamatisha Banza ni Banza.

Unakumbuka alivyokuja kukaa kwangu: baisikeli moja na vikapu viwili vya samaki wakavu wa Bukama. Biashara nzuri, na angeifanya kimya tungekuwa tunakula vizuri. Lakini bwana huyu alisema samaki si kitu, kitu ni jina. "Yaya, hapa Kamina muntu hajulikane, ni kama haiko," aliniambia mimi dada yake, ambaye nimeishi hapa miaka kumi na mbili nikijulikana na mashine ya kuandikia ya ofisi ya shule, basi. Alinisumbua hadi nikampigia kadi kwa mashine hiyohiyo, kwenye majalada ya madaftari ya zamani: Maison Banza, Commerce Général, Import-Export, Transport. Import kutoka wapi, mama? Kutoka Bukama. Export kwenda wapi? Ng'ambo ya reli, kwa wale wamama wanaokaanga. Kadi alimpa kinyozi, akampa bibi wa maandazi asiyejua kusoma, akawapa hata askari barabarani huku akiwapigia saluti.

Na ile picha aliyokutumia, ambayo nasikia umeizungusha kanisa zima? Koti ni la mpiga picha, mgongoni limebanwa kwa pini. Kamyo anayoiegemea, lile lori, ni ya mtu aliyekuwa pembeni anamfokea aondoke. Kila Jumapili alimwandikia msoma matangazo karatasi: mfanyabiashara mkubwa Banza anasalimia kanisa. Kanisa lenyewe alifika likiwa katikati, ili watu wageuke.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichotuletea balaa ni ukuta. Alipata kibanda karibu na stesheni, kibanda cha kuingia umeinama, akamwita Kalenga mpaka rangi amchoree kamyo ukutani. Kalenga akachora kamyo ya kijani ya magurudumu sita, toka kona hadi kona, Banza mwenyewe dirishani amevaa tai. Fikiri, mama: wakati huo kila mwenye kamyo na akili kidogo alikuwa amekwisha kuificha porini, wengine wameng'oa hata magurudumu. Mwanao, ambaye hana hata tairi ya kamyo, akatangaza kwamba anayo.

Komanda wa askari alikuwa anatafuta magari ya kupeleka mizigo upande wa mapigano. Siku alipofika mbele ya ukuta ule nilikuwa nimempelekea Banza, mfanyabiashara mkubwa, chakula kibandani, nikaona kwa macho yangu.

"Patron wa hapa ni nani?" komanda akauliza.

Soko lote lilimgeukia Banza. Angesema "ni rangi tu, komanda", wangecheka na kwenda zao. Banza akarekebisha tai.

"Ni minyi, komanda."

"Kamyo iko wapi?"

"Iko mu njia. Itaingia kesho."

Kesho! Wakamchukua akaingojee kambini. Kesho haikuingia, keshokutwa haikuingia. Siku ya tatu komanda akakata shauri kwamba Banza amewapa waasi kamyo yake, na jambo hilo malipo yake ni risasi. Nikaambiwa niende kumuaga.

Mama, utaleta ushahidi gani wa kitu ambacho hakijawahi kuwapo? Nilisukuma baisikeli yake na vikapu vyake vinavyonuka, nikamkokota Kalenga, tukaenda. Nikamwambia komanda: "Huyu ni mudogo yangu, ni mwongo. Hana kamyo. Iko na hii kinga tu," nikampigia kengele ya hiyo kinga, baisikeli yake, aisikie.

Na mwanao, mikono imefungwa nyuma, akasema: "Yaya hajue mambo ya biashara yangu." Hata hapo! Nilitamani nimpige mimi kwanza.

Ndipo Kalenga akafungua mdomo, akakiri kwamba kamyo ile ni kazi ya mkono wake. "Komanda, ile kamyo njo minyi nilipakala. Nilimuuliza, kamyo yako iko rangi gani? Akaniambia, weye uko na rangi gani? Nilikuwa nabakia na ile ya majani tulipakala ku milango ya kanisa."

Komanda akatuma mtu akaangalie milango ya kanisa. Aliporudi na kusema ni kijani ileile, komanda alicheka mpaka akakaa chini. Akaamuru Banza afunguliwe, lakini akaikwaruze kamyo yake kwa kisu mbele ya watu, na kwa kila gurudumu aseme kwa sauti: "Minyi sina kamyo."

Watu walijaa hadi kwenye reli. Alipofika gurudumu la tatu aligeuka kunitafuta katikati yao, akaniona. Nilikuwa nacheka, mama. Nimeshika tumbo, machozi yananitoka, nacheka kuliko bibi wa maandazi. Wala sikucheka kwa furaha kwamba yu hai. Nilikuwa namcheka yeye. Akageuka, akaendelea na la nne.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Hakuniambia neno tena. Jana nilipotoka kanisani nilikuta baisikeli haipo, na jirani akasema amemwona akishika njia ya kuja kwako, bila chakula, bila hata koti la mvua. Unajua njia hiyo sasa ina watu gani. Hao hawana komanda wa kuchekeshwa.

Ndege itafika kesho, na baisikeli siku ya sita au ya saba. Tuma vijana wa mjomba wampokee kivukoni. Nisalimie mjomba mwenyewe mshona nyavu, nisalimie shangazi wa kwaya, na shemeji mjane aliyenilea. Na mdogo wangu akifika, mama, mtu yeyote asimcheke. Mimi nilikwisha kumcheka kuliko wote, na inatosha.

Ni mimi binti yako,
Ngoie