Mashini ya Mauwa Haiuzwi

Mauwa, mujukuu wangu uliyelala,

Mimi nkambo wako sikusoma, unajua. Nasema, Furaha anaandika, yule uliyemufundisha kushona. Analia juu ya karatasi. Nimemuambia alie pembeni, wino unaharibika.

Ulizaliwa na mukono uliovunjika. Daktari alisema ugonjwa huo hata yeye aliujua kwa vitabu tu: mifupa haishiki. Majirani wakasema ni uchawi wangu. Nikawajibu, "Ningekuwa muchawi, ningeanza na nyinyi." Watoto wengine walibebwa mugongoni kwa kitenge, wewe nilikubeba juu ya muto.

Ulipotaka kushona, miguu haikuweza kukanyaga mashini. Ukamuomba fundi wa baiskeli aweke mupini kwenye gurudumu la mashini, uzungushe kwa mukono. Nikapiga kelele, "Utavunja hata huo mukono!" Ukacheka: "Nkambo, hata nikikaa bure nitavunjika."

Unakumbuka nguo ya kwanza ya bibi arusi uliyoshona? Mama yake, yule muuza samaki wa ndagala, alifurahi mpaka akakukumbatia. Sisi watu wa ziwani hatujui kufurahi polepole. Nilisikia ubavu wako ukilia. Ulilala kitandani mpaka mvua zikaisha, na bado ulinitania: "Kiliya wa kwanza ameridhika, Nkambo. Wa pili nitamusalimia kwa mbali." Baadaye makiliya, wateja wako, walikuja hata kutoka Kabimba na Moba. Wote walijifunza kupiga makofi mulangoni pa ateliye yako ya kushonea, bila kukugusa.

Kisha kifua chako kikachoka. Kikaacha.

Siku ya kuondoa matanga, ndugu walikaa kugawa vitu vyako. Mujomba wako akasema, "Mashini ni ya ukoo. Tuiuze." Nikaenda nikakaa juu ya meza ya mashini. "Alipokuwa anavunjika, ukoo ulikuwa wapi? Haya, ibebe na mimi juu." Akanitazama. Akatazama meza. Akaondoka na viti.

Sasa mashini ni ya Furaha, na ateliye haikufungwa.

Lakini nikuambie ukweli. Furaha ana miguu mizima, ila anazungusha kwa mukono, ndiyo vile ulimufundisha. Asubuhi niko jikoni, nasikia gurudumu, naita, "Mauwa, kuja ukule!" Mashini inanyamaza. Furaha hanisahihishi. Anakuja, anakaa, anakula.

Lala, mama yangu. Kuzoea, mimi sijazoea.

Nkambo wako