B Mbili Nilizomghushia Binti Yangu

Mpendwa Bi Lavonne,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kengele ya shule yetu, kilichotokea Jumatatu asubuhi baada ya utumishi wa miaka kumi na miwili. Ilikuwa saa ya jiko la kuokea. Shule haikufungwa kwa maombolezo, kwa sababu tumebaki na mwanafunzi mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyenikalisha chini nikuandikie. Naomba unisaidie, maana mwenzio nimebanwa.

Tunafuga ng'ombe huku magharibi mwa Nebraska na watoto wetu watatu nimewasomesha mwenyewe mezani jikoni, wawili wa kwanza wameshatoka na hakuna aliyewahi kuwauliza cheti, mmoja anachomelea mabomba na mwingine kaolewa, lakini huyu wa mwisho, Marit, ana miaka kumi na saba na tangu ana kumi na miwili anataka chuo cha kijeshi, kile cha maafisa, si utani, kila siku anakimbia hadi geti la barabarani na kurudi hata theluji ikiwa magotini, na mimi miaka yote hiyo nilimtazama dirishani nikifurahi na sikuwahi kujiuliza chuo kitataka nini kwangu.

Kinataka alama. Na mimi, Bi Lavonne, sijawahi kutoa alama. Kwangu hesabu haiachwi mpaka iwe sahihi, ukikosea unarudia, ukikosea tena unarudia, ukilia unanawa uso unarudia, sasa hapo alama ni ipi?

Desemba aliitwa na kamati ya mbunge wetu, ile inayochuja majina ya kupendekezwa, na kanali mmoja mstaafu akamuuliza, "Mwalimu wako wa hisabati nani?" Akajibu, "Mama." "Na wa Kiingereza?" "Mama." "Mkuu wa shule?" "Mama, bwana." "Na anayepika?" "Baba, bwana. Mama ana kazi nyingi." Wakacheka wote, jina likapita. Kilichobaki ni orodha ya masomo yake ya miaka minne pamoja na alama, yenye saini ya mkuu wa shule, ifike kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Basi mkuu wa shule akaketi, akaandika. Nikampa A, A, A, hadi chini, nikaitazama ile safu nikaona hata mimi nisingeiamini, kwa hiyo nikanyunyiza B mbili, moja ya historia na moja ya kemia, kama mtu anavyotia chumvi. Marit akaikuta mezani.

"Mama, hii B ya historia niliipata lini?"

"Darasa la kumi."

"Mwezi gani?"

"Marit, ni B tu. Angalau sijakupendelea."

"Hujanipendelea, umenisingizia! Na hizi A je? Ile ya pembetatu niliirudia mara tisa, na mara ya tisa ulikuwa umesimama nyuma yangu unahema."

Mume wangu Verlyn, aliyekuwa anamenya viazi, akasema, "Mke wangu, kama umeshaamua kughushi, kwa nini B?"

Marit hakucheka. Alisema kule mtu anaapa kutosema uongo, kutoiba, kutoibia mtihani, wala kumvumilia anayefanya hivyo. "Sasa mimi nitaapaje, na mlango wenyewe nimeufungua kwa karatasi hii? Ukiituma, najitoa." Akavaa buti akaenda kulisha ng'ombe, na tangu Jumapili hasemi nami isipokuwa habari za ng'ombe.

Nikituma, nampoteza yeye. Nikiacha patupu, anapoteza chuo kwa sababu mama yake alidharau kalamu nyekundu. Nifanye nini?

Mwalimu Mkuu Aliyebanwa,
Nebraska

*

Mwalimu mkuu mwenzangu,

Pole. Nimesomesha sita mezani kwangu, na huyo wa kwanza nilimwandikia somo la "Biashara na Uchumi" kwa sababu alikuwa akiuza mayai. Kwa hiyo nakugombeza kama mtu aliyekwisha kugombezwa.

Umeghushi. Usiniletee habari za chumvi. Tena umefanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka yangu yote ya kusoma barua hizi: umemwibia mtoto wako mwenyewe alama ili aonekane mwaminifu. Mumeo kauliza swali la maana, na ni vizuri kwamba anapika.

Unalalamika binti hasemi nawe. Mtu uliyemfundisha miaka kumi na miwili kutoacha hesabu mbovu mezani amekuta hesabu mbovu mezani. Ulitaka afanyeje?

Leo, kabla hujala, ichane karatasi hiyo mbele yake. Sema umekosea, halafu nyamaza. Neno "lakini" lisikutoke.

Halafu uandike upya. Kufundisha mpaka ieleweke si kosa la jinai. Taja kila somo, kitabu mlichotumia na mwaka mliolimaliza, na chini uandike kwa maneno yako yale yale kwamba hapa somo hurudiwa mpaka kazi yote iwe sahihi, na kwamba alama za muhula hazikutolewa. Tarehe usizokuwa nazo usizitunge. Kuhusu zile mara tisa, akiulizwa aseme tisa. Jeshi lina kazi na mtu anayerudia mara tisa.

Ila neno la mama ni neno la mama, hata likiwa la kweli, na chuo kinajua hivyo. Tafuta mashahidi wasiomzaa. Matokeo yake ya mtihani wa taifa wa kuingia vyuoni yatangulie, maana huo hukuusahihisha wewe. Kisha kesho, si wiki ijayo, mpeleke akajiandikishe hisabati na kemia katika chuo cha wilaya, muhula ndio unaanza. Akae mbele ya mhadhiri asiyejua hata jina la mbwa wenu. Huyo atampa alama, na kama ni B, itakuwa B yake.

Na kila eneo lina afisa wa hicho chuo cha kijeshi anayeshughulikia waombaji. Apigiwe simu. Na Marit ndiye apige, si wewe! Wewe kaa chumba kingine, tena mlango ufungwe. Amwambie wazi: nimesoma nyumbani, alama za muhula hazipo, haya ndiyo yaliyopo, mnataka nini zaidi? Hatazimia huyo bwana. Tangu Septemba anapokea simu za akina mama kama wewe, sauti ya binti itamburudisha.

Akikataliwa mwaka huu kwa karatasi ya kweli, anaruhusiwa kuomba tena mwakani, na atakuwa na mwaka mzima wa alama za watu baki. Akipokelewa kwa ya uongo, hakuna wa kumwomba amsahaulishe.

Mwisho, usitume madaftari. Najua tayari umetafuta boksi. Wanataka ukurasa mmoja.

Bi Lavonne