Filamu ya Wakunga Ilivyotoka Darasani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila mdomo wake haujaugua hata siku moja.

Barua yako niliisoma nimesimama. Unasema kituo cha televisheni kimekataa kuinunua filamu yako ya wakunga kwa sababu imeshazagaa kwenye simu za watu, na kwamba mhadhiri wetu ni mwizi aliyevaa tai. Pole sana, dada. Najua ulivyoihangaikia.

Ulimruhusu aionyeshe kwa wanafunzi wake tu, na mimi, fundi wa video wa chuo, ndiye niliyeiweka kwenye mtandao wetu na kuifunga kwa neno la siri. Yeye aliomba kipande kile cha Mama akizalisha, basi. Alisema sheria inaturuhusu kufundishia, haituruhusu kugawa. Juzi mkuu wa idara alimwita, akampiga marufuku kuonyesha filamu yoyote darasani. Alipotoka alipita mezani kwangu, akaniuliza nadhani ni nani kaivujisha. Nikamjibu kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu.

Dada, uso wangu niuweke wapi? Ni mimi. Mhadhiri aliomba kipande, nikaiweka nzima kwa kujivunia dada yangu. Kisha Mama akawa ananung'unika kwamba wanafunzi wanamwona na yeye mwenyewe hajajiona. Neno la siri lilimshinda kuliandika, basi nikaliondoa, nikamtumia linki, nikijiambia kesho nitalirudisha. Nikasahau. Mama akawatumia wakunga wenzake, nao wakawatumia wote waliowahi kuwazalisha. Kumbe ulimkabidhi fisi bucha.

Kesho asubuhi naenda kwa mkuu wa idara kumsafisha mhadhiri, hata kama kazi itaondoka. Nimetaka wewe uisikie kwangu kwanza. Sikuombi msamaha leo, naona aibu hata kuuomba.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, na sijapata moyo wa kumwambia. Anasema ukitengeneza nyingine umtumie mapema, maana hii ameisambaza mwenyewe kila mahali ili kazi yako ipate watu.

Ni mimi mdogo wako,
Kufuli, jina ulilonipa utotoni kwa kubania biskuti